Mji wa Hodi Mbili

Paukwa!

Pakawa!

Ah, hiyo si pakawa, hiyo ni miayo. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Sogeeni. Wewe mwenye muhogo, tafuna taratibu. Meno yangu ni machache, lakini masikio yangu mazima.

Zamani, zamani ile ambayo kuku walikuwa na adabu kuliko watoto wa siku hizi, palikuwa na kijiji chini ya milima. Na kijijini hapo palikuwa na bibi mmoja, Bibi Nakiete. Mfupi, mwembamba, mkali kama pilipili kichaa. Kazi yake ilikuwa kukata maneno ya watu. Hakuna aliyemchagua. Alipita tu njiani, na akisikia ugomvi uani kwa mtu, anaingia.

Siku moja majirani wawili walikuwa wakigombania jogoo. Huyu anasema, yai lake lilitagwa kwangu. Yule anasema, alianguliwa kwangu. Siku nne wanagombana, hawalimi, hawapiki. Bibi Nakiete akawasikiliza hadi mwisho. Kisha akamkamata jogoo, chap, akamchinja, akampika, akawakalisha wote wawili wakala.

"Sasa," akasema, "kila mtu ana haki yake tumboni. Nendeni mkalime."

Ndiye huyo. Watu walimwogopa, na mpaka leo wanamkumbuka.

Bibi Nakiete alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Mjema. Na Mjema alikuwa na adabu. Jamani, adabu! Alikuwa akipita njiani anaamkia watu, anaamkia mbuzi, na akijikwaa kwenye jiwe, analiomba radhi jiwe. Mama yake akimtazama alikuwa akitikisa kichwa, akisema, "Huyu nilimzaa au nilimwazima?"

Mjema akaoa, akamwoa Namkunda. Na hadithi hii ni ya Namkunda, basi mtazameni yeye.

Namkunda alikaa miaka tisa bila mtoto. Mwaka wa kwanza watu walinyamaza. Mwaka wa tatu wakaanza kunong'ona. Mwaka wa tano mama mkwe wake akaacha kunong'ona, akawa anamuuliza kila asubuhi kabla hata ya salamu: "Bado?" Namkunda anajibu, "Bado, Mama." Alilichukia neno hilo kuliko njaa.

Mwaka wa tisa akaweka nadhiri. Akasema: "Nikipata mimba, kabla sijazaa nitapanda mlimani kwa Mzee Mbonea, niingie ndani ya nyumba yake, ninywe maji ya mtungi wake." Haukupita mwezi, mimba hiyo. Ikashika. Ikakua.

Sasa mtaniuliza, Mzee Mbonea ndiye nani? Alikuwa amekwisha kufa siku nyingi, lakini mji wake ulikuwapo, juu ubavuni mwa mlima, nyumba juu ya nyumba, zote za mawe. Enzi zake alimpokea kila aliyepanda, awe mwizi, awe mfalme. Milango yake haikuwa na komeo. Alikuwa akisema, "Mlango wangu hufunguliwa na neno moja tu, nalo ni karibu." Alipokufa watu wakaendelea kwenda kumzuru. Wa zamani walirudi na heri zao. Wa siku za karibuni walikuwa hawarudi kabisa, na watu wa chini wakasema, "Kumbe huko kuzuri! Mtu akifika hataki kushuka."

Mimba ilipotimiza miezi minane, Namkunda akafunga mzigo. Akamwambia mumewe, "Twende upesi, turudi upesi. Nimemngoja huyu miaka tisa, sitamzalia kwenye mji wa watu. Kondo lake la nyuma litazikwa nyuma ya jiko langu."

Maana kwao ilikuwa hivyo. Pale lilipozikwa kondo la mtoto, hapo ndipo kwao, hata akienda mwisho wa dunia. Kwa hiyo alikuwa na mambo mawili: maji ya mtungi kabla ya kuzaa, na kuzaa nyumbani. Hakutaka kingine duniani.

"Na mimi nakuja," akasema Bibi Nakiete.

"Mama, mlima ni mkali."

"Na mimi je? Mpole?"

Wakaondoka watatu. Wakapanda, tii, tii, tii. Siku ya kwanza Mjema aliomba radhi mawe arobaini. Siku ya pili Namkunda alivimba miguu. Siku ya tatu, jua likiwa la asubuhi, wakafika.

Mjema akavua makubazi. Akajikung'uta vumbi. Akakohoa kidogo, akaita: "Hodi!"

Na mlima mzima ukajibu: "Hodi! Hodi! Hodi! Hodi!"

Wakatazamana. Akaita tena, "Hodi!" Mlima nao: "Hodi! Hodi! Hodi!" Lakini karibu? Hakuna.

Wakaingia njia ya mjini. Lahaula! Kila nyumba ina baraza, na kila baraza imejaa watu. Wanaume, wanawake, vikongwe, watoto, wamekaa wima, nguo zimenyooshwa, mizigo mapajani, kama watu wanaoondoka sasa hivi. Na nyuma yao milango iko wazi, wazi kabisa, na ndani hamna mtu.

Kwenye baraza ya nyumba kubwa, nyumba ya Mbonea mwenyewe, alikaa mzee mmoja mwenye ndevu mpaka kitovuni. Jina lake Mzee Mfinanga.

"Shikamoo, mzee," Mjema akasema. "Mwenyeji yupo?"

"Marahaba, mwanangu. Bila shaka yupo ndani."

"Mmeshapiga hodi?"

"Mara mbili."

"Lini?"

Mzee Mfinanga akafikiri. "Mwaka wa nzige," akasema. "Si nzige hawa wa juzi. Wale wa kwanza."

Msicheke, sikilizeni. Nyinyi wenyewe mnajua hodi ni tatu. Ukipiga ya tatu usijibiwe, unageuka, unarudi ulikotoka. Ndiyo adabu. Sasa nani apande mlima siku tatu, apige hodi ya tatu, kimya, arudi kwao akaulizwe, "Ulikaribishwa?" aseme, "La"? Aibu hiyo nani ataibeba? Hakuna. Basi kila aliyefika alipiga mbili, akakaa kungoja. Mwenzake akaja, akapiga mbili, akakaa. Mvua ikinyesha, ndani kukavu, wao wako nje wanalowa. Walikuwa watu themanini. Wengine walioana hapo barazani. Kilichowashibisha ni masurufu ya wageni wapya, na mboga za porini.

"Na wahenga je?" Bibi Nakiete akauliza. "Si walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe?"

"Jembe hutolewa na mwenyeji," akajibu Mzee Mfinanga. "Tunalingoja." Kisha akatazama kapu lao kwa heshima kubwa. "Mmekuja na viazi?"

Bibi Nakiete akachungulia ndani. Akaona mtungi, akaona kigoda, akaona buibui.

"Humu hamna mtu, nyie!"

"Sss! Usimsikitishe mwenyeji."

"Wana wa Mbonea wako wapi?"

"Walishuka mwaka wa ukame kutafuta maji. Hawakurudi."

"Basi hapa wote ni wageni!"

"Ndiyo," akasema Mzee Mfinanga, akatabasamu. "Wageni wema."

Bibi Nakiete akainua mguu avuke kizingiti. Loo! Watu themanini wakapiga yowe, "Hajakaribishwa!" Mtoto mmoja akalia. Mjema akaanguka chini akamshika mama yake miguu. "Mama, nakuomba, usinitie aibu mbele za watu!"

Bibi akamgeukia Namkunda. "Na wewe, unasemaje? Maji yale pale. Hatua tatu."

Namkunda alitamani. Lakini akasema, "Mama, nadhiri niliweka ya kuingia nyumba ya watu kwa heri. Nikiingia kama mwizi, je, mtoto akidhurika?"

"Haya," akasema Bibi, akarudisha mguu. "Mlango wenu, adabu yenu."

Wakakaa. Na Mjema alifurahi! Hajawahi kuona mji kama ule. Mtu akipiga chafya, watu themanini wanamwombea afya, na yeye anawashukuru mmoja mmoja, mpaka jua linazama. Siku ya pili alikuwa amekwisha kupata nafasi yake barazani, mwisho kabisa, kwenye michirizi, na akasema panamtosha.

Siku ya nne Namkunda akamwambia, "Mume wangu, turudi."

"Na nadhiri?"

Siku ya saba akamwambia tena. "Na nadhiri?" Angefanyaje, jamani? Akishuka bila kunywa, anamwogopea mtoto. Akikaa, mtoto atazaliwa barazani kwa watu, na kondo lake litafukiwa ugenini. Alikuwa akilala ameshika tumbo kwa mikono miwili, akimwambia mtoto, "Ngoja, mwanangu. Ngoja kidogo." Na mtoto anapiga teke, ndu! Yeye hakuwa na adabu ya baba yake.

Siku ya kumi na mbili, mchana, wingu likashuka mlimani. Mvua ikaja, shaaa! Na uchungu ukamshika Namkunda.

Alipiga ukelele mmoja, watu themanini wakasimama. Mzee Mfinanga akasema, "Jambo zito hili. Tumwombee hodi sote." Wakavuta pumzi, wakaita kwa pamoja: "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. Wakakaa chini.

"Basi?" akauliza Bibi Nakiete.

"Tumefanya tuwezalo," akasema Mzee Mfinanga.

Bibi Nakiete akasimama. Akajifunga kanga kiunoni. Mkimwona mwanamke akijifunga kanga hivyo, mpisheni.

"Nisikilizeni, wenye adabu. Huyu anayekuja, mtamwambia apige hodi? Nani kati yenu alipiga hodi tumboni mwa mama yake? Wewe Mfinanga, ulipiga? Sote tuliingia duniani bila kukaribishwa, tunapiga kelele, uchi! Adabu tumefundishwa baadaye. Anayeingia humu ndani ni mtoto. Na mama yake amembeba tu. Pisheni!"

Watu wakatazamana. Hakuna aliyewahi kufikiri hivyo. Na wakati wanafikiri, Bibi alikuwa amekwisha kumkokota Namkunda ndani.

Akazalishwa humo, kwenye sakafu ya Mzee Mbonea. Haikuchukua muda mrefu. Mvua inanyesha, paa linavuja juu ya mtungi tu, ndo, ndo, ndo. Kisha, "Ngaaa!" Mtoto wa kike. Mzima. Kucha ndefu.

Namkunda akamkumbatia, akacheka, akalia. Halafu akaona mama mkwe wake ameliweka kondo juu ya jani la mgomba, anangoja.

"Mwanangu," Bibi akasema polepole, "hili ni lako, sema wewe. Nikilifunga tukashuka nalo, litazikwa nyuma ya jiko lako kama ulivyotaka, na hakuna atakayekulaumu. Nikilizika hapa, mtoto huyu ni wa hapa. Atakuwa mwenyeji pekee mji mzima."

Namkunda akaelewa. Akapandwa na hasira.

"Miaka tisa, Mama! Miaka tisa nimenyamaza, nimesemwa, na wewe ukiwa wa kwanza. Hiki kimoja tu kilikuwa changu. Na hiki nacho mnakitaka?"

"Najua," akasema Bibi Nakiete.

Ndipo wakasikia sauti mlangoni, ndogo, inatetemeka.

"Hodi."

Alikuwa Mjema. Amesimama kwenye mvua, nje ya mlango ulio wazi, meno yanagongana, kak, kak, kak. Anamsikia mtoto wake analia hatua nne tu kutoka pale.

"Hodi," ya pili.

Kisha kimya. Namkunda alijua kwa nini. Akipiga ya tatu asijibiwe, atageuka. Mjinga yule angeweza kumgeuzia mgongo mtoto wake mwenyewe kwa ajili ya adabu, kisha alie njia nzima mpaka nyumbani. Namkunda akafungua mdomo amwite, na neno likamkwama, maana naye ni mgeni. Akamtazama Bibi. Bibi naye ni mgeni. Na nyuma ya Mjema, kwenye mvua, wamesimama watu themanini, na kila mmoja ana mlango wake anaouogopa.

Namkunda akafuta machozi kwa kiganja. "Lizike," akasema.

"Umefikiri?"

"Nimekwambia lizike, Mama, kabla sijabadili nia! Hapo hapo penye kizingiti."

Bibi akachukua kigae, akachimba. Akalizika, akashindilia kwa kisigino. Kisha akamchukua mtoto, akasimama naye mlangoni.

"Mjema! Piga ya tatu."

"Mama, naogopa."

"Piga!"

"Ho... hodi?"

Mtoto akafungua mdomo. "Ngaaa!"

"Mwenyeji amesema karibu," akasema Bibi Nakiete.

Mjema aliingia kwa magoti. Alipopita kizingiti alikiomba radhi. Alipomfikia mkewe hakuomba radhi, alimlazia kichwa begani akalia kama yeye ndiye aliyezaliwa. Kisha akachukua kata, akachota mtungini. Mvua ilikuwa imeujaza kupitia paani. Namkunda akanywa yote, akaomba nyingine.

Nje sasa ni vurugu. Watu themanini, hodi ya tatu! "Hodi!" Ngaa! "Hodi!" Ngaa! Wanaingia, wanakanyagana, wanasema "samahani," wanakanyagana tena. Walioingia wakakaa sakafuni wakashangaa ndani kulivyo kukavu. Mzee Mfinanga aligusa ukuta, akaugusa tena. "Kumbe ni ukuta tu," akasema.

Kisha ikaja shida nyingine. Kuingia wameingia. Kutoka je? Mgeni haondoki bila ruhusa. Wakapanga mstari kwa mwenyeji waage, na mwenyeji amelala. Watu waliongoja tangu nzige wa kwanza, sasa hawawezi kungoja usingizi wa mtoto! Wanahema, wanakuna ndevu, wanasimama kwa mguu mmoja. Mtoto akapiga chafya. "Ameniruhusu!" akapiga kelele Mzee Mfinanga, akateremka mlima mbio, mzigo kichwani, ndevu begani. Mjini pale hapakuonekana tena mtu wa kukimbia vile.

Kwa siku saba wakaondoka wote. Mji ukabaki na watu wanne. Siku ya nane Namkunda akafunga mzigo, akamfunga mtoto mgongoni. Akamwona Bibi Nakiete amekaa kwenye baraza, mzigo wake haujafungwa.

"Mama, twende."

"Nendeni," akasema Bibi. "Mimi nabaki."

"Unabaki na nani?"

"Na atakayekuja. Leo au kesho atapanda mtu hapa, apige hodi mbili, akae chini. Unataka turudie yale? Mwenyeji wa mji bado ananyonya. Lazima abakishe mtu wa kumshikia nafasi. Nani? Mume wako? Atakaa akiyaomba radhi mawe."

Mjema akaanza kulia. Namkunda hakulia. Alisimama tu, hajui aweke wapi mikono yake. Mwanamke huyu alikuwa amemsumbua miaka tisa, na sasa hakujua nyumba itakuwaje asubuhi bila sauti yake.

Akapiga magoti mbele ya baraza. "Mama," akasema, "tupe ruhusa tuende."

Bibi Nakiete akatazama pembeni, kwenye mabonde. Kisha akasema, "Mbona mapema? Kaeni kidogo."

Maneno hayo kila mwenyeji huyasema. Mnayajua, mmeyasema wenyewe. Ni adabu tu, na mgeni anajua ni adabu, anacheka, anashika njia. Lakini Namkunda aliinua uso akamtazama yule bibi mkali, akaona mdomo wake unatetemeka, na hii haikuwa adabu.

Akaushusha mzigo. Akamfungua mtoto mgongoni, akamweka mapajani kwa bibi yake. "Haya, Mama," akasema. "Tupike nini?"

Wakakaa siku hiyo, na ya pili yake, na mwezi. Hata waliposhuka, walikuwa wakipanda tena kila baada ya mavuno, mpaka Bibi Nakiete alipozikwa huko huko juu. Jina la mtoto? Usiniulize, mimi sikuwapo. Ninachojua ni kwamba alikua na kwao kuwili, na kote kuwili alikuwa na mlango. Na mpaka leo ukipanda mlima ule, hujamaliza hodi ya kwanza, umeshajibiwa.

Basi wajukuu zangu, shikeni hili: mlango hata ukiwa wazi haumkaribishi mtu. Anayekaribisha ni mtu, na kukaribisha kuna gharama yake, yuko atakayeilipa ili wengine waingie. Ukimwona ameilipa, usimwachie adabu tu. Kaa naye kidogo.

Na mimi ngano yangu nimeifikisha, hapa ndipo mwisho wake. Aliye na nyingine aitoe, asiye nayo amalize muhogo wake.